Bi Kulthum na Ndege wa Mida

Miaka ile, katika Malindi ya zamani, bi harusi hakutolewa nje mpaka Bi Kulthum awe amefika na kamera yake. Wapiga picha wanaume walikuwapo mjini, tena wenye vyombo vipya kuliko chake, lakini mwanamume haingii ukumbini mwa wanawake, na msichana aliyepambwa hina na piko, amevikwa vikuba vya asmini hadi kifuani, si wa kutazamwa na kila jicho. Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, Athman, aliyekuwa na studio ndogo karibu na soko. Athman aliona kwamba mlango uliofungwa kwake ulikuwa wazi kwa mkewe, akamtia kamera mkononi. Alipofariki, chumba cha studio kilirudi kwa mwenyewe, kamera ikabaki kwa Kulthum, pamoja na kijichumba cha giza uani alikokuwa akisafishia picha.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Wasichana walimpenda kwa kuwa hakuwaharakisha. Alikuwa akiketi mbele ya bi harusi kama mtu aliyekuja kumzuru tu, akimzungumzia habari za jikoni na za majirani, mpaka ule woga unaokaza shingo ushuke. Hapo ndipo alipobonyeza.

Zeina alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipoposwa na Mbaruk, kijana mtulivu aliyekuwa karani katika kampuni ya mizigo, mji mzima ulisema jamaa hizi mbili zimepata. Siku ya harusi wanawake walimwambia Kulthum kwamba mama wa bi harusi kazi yake ni kukaa apokee wageni, kamera amwachie mwingine. Hakukubali. Alisema uso wa mwanawe hatauacha mikononi mwa mtu. Akampiga picha yeye mwenyewe, na wale waliokuwapo husimulia kwamba alikuwa akipangusa kamera mara kwa mara kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikitoka machozi.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1981. Mwaka uliofuata Zeina alijifungua mtoto wa kike, na baada ya kujifungua damu ilikataa kusimama. Waganga wa hospitali walifanya la kufanya. Kulthum alikuwa amekaa kwenye benchi nje, ana leso mpya mapajani za kumfunika mjukuu, na alipomwona muuguzi anakuja polepole, bila haraka yoyote, alijua. Mtu mwenye habari njema hatembei vile.

Zeina alizikwa jioni ile. Matanga yakakaliwa, khitma ikasomwa, ubani ukafukizwa, watu wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki mtoto.

Sharia na ada, zote mbili, humpa nyanya mzaa mama haki ya kwanza ya kumlea mtoto aliyefiwa na mamaye, na hakuna aliyedhani itakuwa vingine. Mama yake Mbaruk, Bi Shekue, alimbeba yule mchanga, ambaye walikuwa wamemwita Mwanaisha, akamleta mpaka chumbani kwa Kulthum na kumpakata mbele yake. Akamfunua uso. Kulthum akatazama mara moja tu. Kipaji cha uso kilikuwa cha Zeina, na ile tabia ya kukunja nyusi usingizini ilikuwa ya Zeina.

"Mchukueni," alisema. "Mimi siwezi."

Bi Shekue alidhani ni uchungu wa siku za mwanzo. Akarudi naye baada ya arubaini, akarudi tena baada ya Mfungo Mosi, mwezi wa Idi. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, na mara ya mwisho Kulthum hakutoka hata chumbani. Kuna jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote: kila alipomsikia yule mtoto akilia, moyo wake ulikuwa ukisema, wewe umekuja, yeye ameondoka. Alijua kwamba ni dhuluma kumfikiria hivyo kiumbe asiyejua kitu. Alijua, na hakuweza kujizuia, na alijichukia kwa hilo zaidi ya watu walivyoweza kumchukia. Watu nao walisema. Malindi ni mji mdogo.

Kazi ya harusi ikamshinda vile vile. Alijaribu mara moja, kwa binti wa jirani. Alipoweka jicho kwenye kitundu cha kamera akamwona yule msichana amejaa ndani yake, amepambwa, anatabasamu, mikono ilianza kumtetemeka hata akashindwa kuishika. Akaomba radhi, akavaa buibui lake, akatoka kwa mlango wa uani huku pembe za vugo zikiendelea kugongwa nyuma yake.

Kaka yake, Taib, alikuwa na shamba la minazi na mikorosho upande wa Gede, ambalo mwisho wake hushuka mpaka kwenye mikoko ya hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Palikuwa na nyumba ya vyumba viwili, imeezekwa makuti. Taib alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwona dada yake anavyokonda, akamwambia aende akakae kule kwa muda, shamba linahitaji mwenyewe. Wote wawili walijua kwamba shamba halikuhitaji mtu.

Siku za mwanzo alikuwa akishuka horini kwa kuwa tu ndiko kulikokuwa mbali na watu. Maji yakipwa, hori ya Mida huacha uwanja mpana wa tope na mchanga, unang'aa kama sinia, na ndege hushuka juu yake kwa mamia: vitwitwi wadogo wanaokimbia kama waliotumwa, heroe wenye rangi ya waridi wakipepeta maji kwa midomo iliyopinda, kulastara mmoja mmoja kando kando ya mikoko. Kulthum alizaliwa na kukulia pwani, lakini hakuwahi kuwatazama. Ndege walikuwa ndege. Sasa aliketi juu ya gogo akawakodolea macho bila kuwaona hasa, mpaka maji yalipojaa yakamgusa nyayo na kumwondoa.

Jirani yake wa shamba alikuwa mwanamke wa Kikamba aitwaye Nduku, ambaye yeye na mumewe walikuwa wametoka Kitui miaka mingi nyuma wakakodi kipande cha ardhi, wakalima mihogo na mahindi. Nduku alikuwa na kibanda cha kuuza chai na mahamri penye kituo cha Gede, na asubuhi alipita njia ya horini kuokota kuni. Siku nyingi alimpita yule mama wa buibui bila kusema zaidi ya salamu. Kisha siku moja alitua mzigo wake, akauliza anatazama nini.

Kulthum akaona haya kusema hatazami kitu. Akanyoosha kidole kwa kulastara mmoja wa kijivu, aliyesimama kwa mguu mmoja katika maji. Nduku akatazama kwa muda, akasema yule yuko pale kila asubuhi, mahali pale pale, na yeye humfikiria kuwa ni mzee aliyegombana na watu wa kwake. Akajitwika kuni zake akaenda. Lakini tangu siku ile Kulthum alikuwa akishuka horini kumtafuta yule kulastara, na alipomkosa alisikitika, na alipoona kwamba amesikitika kwa jambo lingine lisilokuwa msiba wake, alishangaa.

Mara aliyokwenda tena Malindi, alirudi na kamera.

Kupiga picha ya ndege hakufanani na kupiga picha ya bi harusi, ingawa baadaye alikuwa akisema kwamba mambo hayo mawili yana asili moja. Kamera yake haikuwa na lenzi ya kuvuta mbali, kwa hivyo ilimbidi akaribie. Mikanda mizima ilimwishia kwa picha za tope tupu na kitone cheupe kinachoruka pembeni. Akajifunza kuingia kabla ya maji kupwa, kusimama kati ya mizizi ya mikoko, buibui limemfunika mpaka macho, na kutulia. Maji yalipoondoka yalimwacha pale kama kisiki. Vitwitwi walikuja wakapita miguuni pake. Kaa walitoka mashimoni wakaendelea na shughuli zao. Alijifunza kupumua kidogo kidogo. Alijifunza kwamba ndege anayetaka kuruka hukaza shingo kwanza, kama wasichana wake, na kwamba ukingoja bila kutaka kitu, shingo ile hulegea.

Siku aliyompata yule kulastara, amemtazama yeye moja kwa moja, tone la maji likining'inia kwenye ncha ya mdomo, alikwenda mjini akajifungia chumba cha giza. Picha ilipoanza kujitokeza ndani ya dawa, kwanza jicho, kisha shingo, kisha maji, ndipo alipogundua kwamba asubuhi ile nzima hakumkumbuka Zeina. Alishikwa na hofu. Alihisi kama mtu aliyesinzia zamu ya kulinda. Akakaa sakafuni katika giza lile na kulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na alipomaliza kulia alilala pale pale, usingizi mzito ambao ulikuwa umempotea kwa mwaka na zaidi.

Basi hiyo ikawa ndiyo dawa yake. Alirudi shambani, na ule muda aliopewa na Taib ukawa miaka. Aliwapiga picha heroe, korongo, na mdiria wa buluu kwenye mizizi. Aliingia na msitu wa Sokoke, akamngojea sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya dhahabu, anayepita chini ya majani kama fununu. Mwalimu mmoja wa Gede alizitundika picha zake darasani. Watoto wa njiani walimpa jina la Bi Heroe, naye hakulikataa. Alinenepa kidogo. Alianza tena kula samaki, na kuzungumza na Nduku jioni wakichambua mchicha.

Mjini, Mwanaisha alikuwa akikua. Kila Idi Bi Shekue alimpeleka kwa Taib, na Kulthum alikuwa akimtumia nguo na viatu, vya kipimo sahihi, maana alikuwa akiuliza. Lakini yeye mwenyewe siku hizo alikuwa na sababu ya kutokwenda. Mara moja walikutana kwa bahati mbaya, sokoni. Mtoto alikuwa ameshika leso ya Bi Shekue, anajifunza kuruka kwa mguu mmoja. Kulthum aliingia duka la vitambaa akasimama humo, akigusagusa nguo asizotaka kununua, mpaka wakapita.

Nduku ndiye aliyethubutu kumwambia. Walikuwa wameketi nje ya nyumba, na Kulthum alikuwa akimwonyesha picha za vitwitwi walionenepa tayari kwa safari, akimweleza kwamba wale huondoka Aprili wakaenda nchi za baridi kutotoa. Nduku alizipokea picha moja moja, akazirudisha. Kisha akauliza picha ya mjukuu iko wapi. Kulthum akasema hana.

"Mama, mimi sikusoma na sitaki kukukosea heshima," Nduku alisema. "Lakini hawa ndege watakula hata ukiwaacha. Huyo mtoto atajua namna gani kama ako na nyanya?"

Kulthum alizikusanya picha zake, akaingia ndani. Hakumsemesha Nduku kwa muda mrefu, na alipokutana naye njiani alijibu salamu tu. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia, likawa linamchoma hata akiwa ndani ya mikoko. Utulivu aliokuwa ameupata ulianza kumwonyesha upande wake wa pili. Aliona kwamba alikuwa amejenga kimbilio, na kwamba mlango wake alikuwa ameufunga na mtoto yuko nje.

Alichelewa kuchukua hatua. Alijiambia atakwenda baada ya mvua, kisha baada ya Ramadhani. Mwaka wa 1986 Taib alifika shambani mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akanywa maji, akasema Mbaruk, aliyekuwa amekwenda Maskati kutafuta, amepata kazi. Ameoa tena huko, mtu mwema kwa walivyosikia. Anamhamisha mama yake na mtoto.

Kulthum alivaa buibui siku ile ile, akaenda Malindi. Alipoingia kwa Bi Shekue alikuta masanduku yamefunguliwa sakafuni. Alisimama kati ya masanduku yale akaomba apewe mtoto akae naye, siku chache tu, kabla ya safari.

Bi Shekue alikuwa akikunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Kulthum, tulikungoja," alisema. "Miaka yote hii nilimlaza upande huu wa kitanda nikisema leo utakuja. Nilimfundisha kulitaja jina lako."

Kulthum aliketi chini, juu ya mkeka, mahali anapoketi mtu aliyekuja kuomba. Akasema anaomba radhi, kwa Mungu na kwake. Bi Shekue aliweka nguo chini, akaita jina la mtoto.

Mwanaisha aliingia na nywele zimesukwa, akamtazama mgeni, akampa mkono.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu," Kulthum akajibu, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

Siku zile za shambani hazikuwa nyepesi. Mtoto aliogopa nyumba ya makuti na mijusi yake. Alimlilia Bi Shekue, akakataa wali, akakubali mahamri ya Nduku, ambaye alifika nayo asubuhi ya kwanza bila kuulizwa na bila kurejea maneno yaliyopita. Usiku Mwanaisha alilala ameugeukia ukuta. Kulthum alilala nyuma yake, hamgusi, akimsikiliza anavyopumua.

Hakujua la kufanya naye, kwa hivyo akamfundisha lile moja alilolijua. Akamshika mkono wakashuka horini, akamketisha juu ya gogo, akamwambia wakinyamaza ndege watakuja. Alidhani mtoto wa umri ule hataweza. Lakini Mwanaisha alinyamaza. Alikunja magoti, akaweka kidevu juu yake, na vitwitwi walipokaribia alikunja nyusi kwa nguvu, kama anayewazuia wasiruke kwa macho tu. Kulthum aliinua kamera. Alimwona amejaa kwenye kile kitundu, kipaji na nyusi na yote, na mikono ilitetemeka. Akaiacha itetemeke. Akapiga. Akapiga tena, mpaka mkanda ukaisha, na nusu ya picha zile baadaye zilitoka na ukungu.

Kaa mdogo alipita karibu na gogo, mtoto akamfuata kwa macho. Bila kugeuka akauliza:

"Bi, mamangu ulimjua?"

"Nilimjua," Kulthum alisema. "Nilimzaa."

Pengine Mwanaisha aliwahi kuambiwa jambo hilo, pengine hakuwahi kulielewa. Akasogea kidogo kwenye gogo, akaegemea ubavuni pake, kama mtoto anavyoegemea chochote kilicho karibu akichoka. Kulthum hakujongea. Alikaa vile mpaka mkono ukafa ganzi, mpaka maji yakajaa na ndege wote wakaenda zao. Aliwaza kwamba uzito ule, wa kichwa kidogo chenye harufu ya mafuta ya nazi, alipewa bure miaka minne iliyopita, akausukuma.

Siku ya kumrudisha alimpeleka mwenyewe. Bi Shekue aliwapokea mlangoni, wakakumbatiana, wakasameheana kama inavyopasa watu wanaosafiri. Picha zilizotoka vizuri Kulthum alimpa Bi Shekue azitie katika sanduku, pamoja na zile za harusi ya Zeina, zote. Mombasa, kwenye uwanja wa ndege, hakwenda. Alisema hakuna haja ya mtoto kuondoka akikumbuka mtu analia.

Maskati ni mbali. Mwanzo ziliwafikia salamu kwa kinywa cha wasafiri, kisha salamu zikawa haba. Bi Shekue alifariki huko mwaka wa pili, na kwa kufa kwake ilikatika ile kamba iliyokuwa ikilivuta jina la Kulthum katika nyumba ile.

Aliendelea na ndege wake. Ingekuwa uongo kusema hakupata tena raha kule horini. Aliipata, maana maji hayamwulizi mtu alilolitenda. Lakini sasa alikuwa akisimama katika mikoko akijua anachokikimbia na asichoweza kukikimbia, na raha ile ilikuwa na chumvi ndani yake. Nduku alipoona amezidi kukaa kimya, alikuwa akiacha kibanda chake mapema akaja kuketi naye tu.

Mwaka wa 1989 ami yake Mbaruk alifariki, na Mbaruk akaja kuzika. Alikuja peke yake. Baada ya siku ya tatu alifika shambani, amepata mvi kidogo, amevaa kanzu na kilemba cha Kimanga. Alikaribishwa kahawa. Alisema Mwanaisha hajambo, anasoma, ana wadogo zake wawili, Kiarabu kimemkaa kuliko Kiswahili. Kulthum aliuliza kama anamkumbuka mtu wa huku. Mbaruk alikuwa mtu mkweli. Akasema hadhani.

"Analala vizuri?" Kulthum akauliza.

"Analala, Mama. Ila taa izimwe baada ya yeye kushikwa na usingizi. Giza hataki."

Kulthum akaitikia kwa kichwa, akasema mamaye pia alikuwa hivyo, mpaka akawa msichana mkubwa. Mbaruk akaweka kikombe chini. Akasema anajua. Akasema hata alipoolewa alikuwa akitaka taa iachwe, na yeye, Mbaruk, alikuwa akimtania kwa hilo, na tangu Zeina afe hajapata kumwambia mtu yeyote jambo hilo, maana lilikuwa dogo sana kulisema katika matanga na la siri mno kulisema kwa mke mwingine.

Ndipo walipotambua wote wawili kwamba miaka yote ile hawakuwahi kumzungumzia. Walikuwa wamezika pamoja, wakaachiwa mtoto na aibu, lakini Zeina mwenyewe, aliyependa pilipili za kuchoma na aliyekuwa akiimba akifua, hawakumtaja hata siku moja.

Mbaruk aliomba aonyeshwe ile hori. Wakashuka, yeye amekunja kanzu, wakaketi. Maji yalikuwa yamepwa, heroe wako mbali wamejipanga kama utepe. Kulthum hakuchukua kamera siku hiyo. Mbaruk alisimulia, na kila alipokwama Kulthum alimpa lake moja: Zeina wa miaka saba, Zeina na homa, Zeina aliyeuficha mkufu ndani ya unga. Walicheka mara moja. Mara nyingine mwanamume yule alijifunika uso kwa ncha ya kilemba, naye Kulthum akatazama kando, akimwachia nafasi yake.

Maji yaliporudi waliinuka, wakasogea nyuma hatua chache, wakaketi tena. Kesho yake Mbaruk alisafiri.